Mwanangu anahama mji Japani, aripoti wapi?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mwanangu Elia yuko Nagoya, Japani, anamalizia shule ya lugha. Amepata chuo kikuu Fukuoka na mwisho wa mwezi huu wa Machi anahamia huko. Mtanzania mwenzake kamwambia lazima aende Uhamiaji kubadilisha anwani. Mwingine kasema asijisumbue, maana viza yake bado ina mwaka mzima. Mimi huku usingizi sipati, nisije nikasikia karudishwa. Halafu nina kifurushi chake hapa, nikitume wapi?
Mama Elia, Kiborloni, Moshi

JIBU: Shikamoo mama Elia, na hongera kwa kijana. Hao washauri wake wote wawili wanampoteza, ila wa pili ndiye wa hatari zaidi.

Tangu Julai 2012, mgeni anayeishi Japani kwa muda mrefu anaandikishwa manispaa, kwenye daftari moja na Wajapani wenyewe. Manispaa ndiyo inayowapasha Uhamiaji habari. Ni kama wewe ukihama Kiborloni kwenda Pasua unavyojitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, isipokuwa kule siku zinahesabiwa.

Kwa kuwa anabadilisha mji, ataripoti mara mbili. Kabla ya kuondoka aende ofisi ya kata yake Nagoya, wanaiita kuyakusho, aseme anahama na achukue cheti cha kuhama. Akishaingia kwenye chumba chake Fukuoka, ana siku 14 za kukipeleka cheti hicho ofisi ya kata mpya, pamoja na kadi yake ya ukaazi. Asitangulie kuripoti kabla hajahamia, hawatampokea. Halipi hata senti. Ila ajiandae kukaa foleni: mwaka wa masomo na wa kazi kule unaanza Aprili, kwa hiyo wiki hizo nusu ya nchi inahama.

Hapo kaunta ndipo ninapotaka awe macho. Kadi haibadilishwi. Karani anaigeuza, na upande wa nyuma anaandika tarehe, anwani mpya, kisha mhuri wa ofisi. Elia aisome palepale mpaka namba ya chumba. Nilipokuwa nasoma kule nilisindikiza wageni wengi kwenye ofisi hizo, na kilichokuwa kinawatesa baadaye ni hicho kinamba cha chumba: kikisahauliwa kwenye fomu, barua zinaishia mlangoni kwa watu. Akiwa hapohapo aulizie na bima ya afya ya taifa, maana ya Nagoya inakoma akihama.

Viza kuwa na mwaka mzima haimsaidii kitu. Akipitisha siku 14 anaweza kupigwa faini hadi yeni 200,000. Na akitoka anwani ya zamani, zikapita siku 90 hajaandikisha mpya bila sababu ya msingi, wanaweza kumfutia ukaazi wenyewe. Kwa hiyo hofu yako si ya bure, ila dawa yake ni asubuhi moja tu ya kukaa kwenye benchi.

Huyo wa kwanza nadhani kachanganya mambo. Kinachopelekwa Uhamiaji ni habari ya kubadilisha shule: kwamba ameacha ile ya lugha na ameingia chuo kikuu. Hiyo nayo ina siku zake 14, lakini anaweza kuituma kwa mtandao au kwa posta akiwa chumbani kwake.

Kifurushi kizuie kwanza, mama. Posta ya Japani humfuatisha mtu barua zake bure kwa mwaka mmoja akiwajulisha kwamba amehama, lakini kwa nini uzungushe mzigo? Subiri akutumie picha ya mgongo wa kadi, unakili anwani kama ilivyo. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa weka. Nyama ya kukausha itoe, hata kama umeifunga vizuri namna gani, forodha yao haiiachi ipite.