Ukipangiwa darasa la kwanza, usilikatae

Mwalimu mwenzangu uliyeajiriwa juzi, kama mwalimu mkuu amekupangia darasa la kwanza na moyo umeingia baridi, nakuelewa. Mimi nilipangiwa Januari 2016, elimu bila malipo ndiyo kwanza imeanza. Wazazi walileta kila mtoto aliyekuwa nyumbani, nikakabidhiwa watoto 143 kwenye chumba kimoja huko Sengerema. Nusu walikaa sakafuni. Wenzangu walinipa pole.

Tangu hapo, kila mwaka nimeomba mwenyewe kubaki darasa hilohilo.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kwao wanazungumza Kisukuma tu. Hadi Aprili sikuwahi kuisikia sauti yake. Nikimwita anasimama, anatazama vidole vya miguu yake, anakaa. Nilikaribia kumhesabu kati ya wasioweza, kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nawaimbisha "a, be, che, de" kama nilivyoimbishwa mimi. Mtoto aliyeambiwa herufi ile inaitwa "be", akikutana na "ba" atasoma "bea", na utamlaumu vipi? Nilipoanza kuwatamkisha sauti yenyewe, midomo inabanwa kisha inaachia, darasa likafunguka. Irabu zetu ni tano tu, na maneno yetu mengi yanasomwa kama yalivyoandikwa. Mtoto akishaelewa namna ya kuunganisha, anasoma hata neno ambalo hujamfundisha.

Jioni moja mwezi Agosti nilimkuta sokoni, amesimama mbele ya meza ya mama mmoja. Kwenye kipande cha ubao wameandika kwa chaki: dagaa. Kidole chake kiko hewani, kinafuata herufi. "Da." Kimya. "Ga." Ile "a" ya mwisho ikamkwamisha, maana silabi zetu zote darasani zilikuwa za herufi mbili. Akaanza upya, midomo inacheza bila sauti. Akageuka akatazama gunia, akaurudia ubao, kisha akapaza sauti: "Dagaa! Mwalimu, ni dagaa!" Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kuulizwa. Nilitokwa na machozi palepale sokoni, na siyaonei haya.

Mwalimu wa darasa la saba huwapokea wakiwa wanasoma tayari. Siku kama ile haimfikii.

Sitakudanganya: mshahara ni uleule, kusahihisha kunakwenda hadi usiku, na ikifika Alhamisi sauti imekauka. Waambie watoto walete visoda vya kuhesabia, ila vioshe na uvigonge kingo kwanza, vinakata vidole. Fimbo iache kabisa. Kusoma kunaanzia mdomoni, na mtoto mwenye hofu hafungui mdomo. Yule wangu nadhani alikuwa ameshachapwa mahali kabla hajanifikia.

Na nunua kaunta buku. Kila siku, kabla hujatoka darasani, andika majina ya watoto watatu na kitu kimoja ambacho kila mmoja ameweza. Kwenye umati ule mtoto anakua mbele ya macho yako na usimwone. Daftari ndilo litakalokuonyesha, hasa siku umechoka na unataka kuomba uhamisho.

La kwangu la 2016 bado ninalo. Tarehe 18 Agosti, mbele ya jina lake, nimeandika neno moja: dagaa.