Kiatu Kwanza, Chuma Baadaye

Mgonjwa anapofika kwangu hapa Malindi kupimwa chuma cha mguu, yaani kifaa cha kutegemeza mguu usio na nguvu, kitu cha kwanza ninachomwomba ni kiatu chake. Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kufikiri kwamba kiatu hununuliwa mwisho. Lakini chuma chenye fito mbili zinazoshuka pande zote za mguu hakisimami peke yake: fito hizo huingia katika kikuku, yaani kipande cha chuma kilichopigwa ribiti chini ya kiatu, baina ya soli na kisigino, na kila hatua huvuta na kusukuma hapo hapo.

Mama mmoja aliwahi kuniletea raba za kitambaa za mwanawe, nami nikazikubali kwa kumwonea imani, kwani hakuwa na nyingine. Mwezi haukwisha. Soli laini ilijikunja kila mtoto alipokanyaga, ribiti zikalegea, na kichwa cha moja kikapenya ndani kikamchuna kisigino. Mguu uliopoozwa na polio haupotezi hisia, kwa hiyo alilia na tukajua mapema. Aliyezaliwa na mgongo wazi, au mwenye kisukari kilichokwisha kuua neva za miguu, angetembea na kidonda bila habari. Tangu siku hiyo sijakubali tena raba, hata nikiombwa vipi.

Kwenye mitumba tafuteni kiatu cha ngozi chenye kisigino kipana na kifupi. Kishikeni mbele na nyuma, kisha mkikunje: kikikunjika kwenye vidole, ni kizuri, kikikunjika katikati, kirudisheni. Sehemu ya kamba ifunguke hadi karibu na vidole, maana mguu usio na nguvu hauwezi kujisukuma ndani, na vidole hujikunja chini bila mtu kuona. Mguu wa polio mara nyingi ni mdogo kuliko mwenziwe, na hapo hulazimu kununua jozi mbili. Niliwahi kuwakutanisha wanawake wawili, mmoja mguu wake wa kushoto ndio mdogo na wa pili ni wa kulia, saizi zao zikalingana, wakawa wananunua pamoja na kugawana.

Makubadhi hayafai, kwa kuwa hayana ukuta wa nyuma wa kushika kisigino. Najua inauma siku ya Idi.

Anayeswali msikitini namshauri aombe kikuku ambacho fito zake huchomoka. Awe na jozi ya pili yenye kikuku kama hicho, isiyokanyaga njia kabisa, ili abadilishe viatu mlangoni badala ya kuvua chuma kizima na kuingia akishikwa mikono.

Mchanga wa pwani husaga kiungo cha chuma, na hewa ya chumvi hukitia kutu. Kipigeni brashi kila jioni na mkitie tone la mafuta ya cherehani. Soli ikilika upande mmoja, chuma huinama na goti hufuata, kwa hiyo msingoje itoboke. Mkimpelekea fundi viatu wa mtaani, mwambieni asikigeuze kikuku hata kidogo, kwa sababu kiungo cha chuma kimewekwa sawa na kifundo cha mguu, na kikienda upande, mkanda wa juu utaanza kusugua ngozi. Akilazimika kuking'oa, kileteni kwangu kwanza.