Nafuu ya kodi haileti uvivu
Ndugu, umesema nafuu ya kodi wanayopewa Wamarekani wa kipato cha chini, ile ya EITC, inalea uvivu. Hapana. Imefungwa kwenye kazi yenyewe: usipofanya kazi hupati hata senti. Chukua mama anayelea watoto wawili peke yake, anasafisha vyumba hotelini kwa dola 10,000 kwa mwaka. Kila dola anayochuma inaongezewa senti 40, hivyo akijaza fomu ya kodi anapewa na serikali kama dola 4,000, hata kama hadaiwi kodi yoyote ya mapato. Hapo analipa pango lililolala, anatengeneza gari la kwendea kazini.

Mpango ulianza 1975, ukapanuliwa sana 1993, na miaka iliyofuata akina mama wasio na waume waliingia kazini kwa wingi. Wachumi bado wanabishana nafuu hii ilichangia kiasi gani, maana uchumi nao ulikuwa umechangamka na sheria za misaada ya serikali kwa maskini zilikazwa 1996.

Kinachoniuma mimi ni huku juu: kipato kikishavuka kiwango fulani, mama yule anakatwa kama senti 21 za nafuu kwa kila dola anayoongeza. Na mfanyakazi asiye na mtoto anaambulia kidogo mno.