Lori letu wawili, kodi ya nani?

SWALI: Shikamoo. Mimi na kaka yangu tumenunua lori la tani 10, sehemu kwa akiba yangu, sehemu kwa mkopo wa benki. Yeye anaendesha, mimi natafuta mizigo, wifi anashika daftari. Hatujasajili kitu, na kaka anasema kwa hiyo hakuna biashara ya kutozwa kodi. Isitoshe, tukishalipa benki hatubaki na chochote. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hoja ya kaka yako nimeisikia kwa madereva wengi waliopita dirishani kwangu kurudisha risiti, na haijamwokoa hata mmoja.

Kumiliki lori pamoja, peke yake, hakuwafanyi wabia. Ila mkishabeba mizigo ya watu kwa malipo na kugawana faida, ubia upo, karatasi iwepo isiwepo. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilijengea sheria zao. Sheria hiyo inasema pia kwamba pasipo makubaliano faida hugawanywa sawa kwa sawa, na mbia hana haki ya kudai mshahara kwa kazi ya ubia. Kwa hiyo kaka, anayelala kwenye kebini, hana haki ya senti moja zaidi yako. Sijui kama ameshalifikiria hilo.

Basi andikeni mkataba: nani ametoa nini, mafungu ya faida na hasara, dereva alipwe nini kabla ya mgawo, na lori liwe la nani mmoja akifariki au akitaka kutoka. Deni nalo liongeleeni. Ubia ukishindwa kulipa, mdai anaweza kufuata hadi mali zenu binafsi.

Usajili wenyewe si mrefu. Jina la biashara kwa msajili, namba ya mlipakodi ya ubia mbali na zenu binafsi, akaunti ya benki kwa jina hilo, leseni ya kusafirisha mizigo. Bima iangalieni kwa makini: iliyokatwa kwa ajili ya kubeba mali yako mwenyewe inaweza kukataa kulipa mzigo wa mteja ukipata ajali.

Sasa kodi. Kenya, Tanzania, Uingereza na Marekani zinafanana katika jambo moja: kwa kawaida ubia haulipi kodi ya mapato. Unawasilisha hesabu zake, kisha kila mbia analipia fungu lake, awe amelichukua au ameliacha kwenye akaunti.

Hapo ndipo hiyo “hatubaki na chochote” yako inaponitia wasiwasi. Rejesho la benki lina sehemu mbili, riba na deni lenyewe. Riba ni gharama. Deni lenyewe si gharama. Badala yake mnaruhusiwa kukata uchakavu wa lori kila mwaka, kwa kiwango cha sheria. Chukulia mapato ni 100. Dizeli, matairi, matengenezo na bima vimekula 60, riba 10, na benki imechukua 30 ya deni. Mfukoni sifuri. Lakini kama uchakavu ni 15, ofisi ya kodi inaona 100 ukitoa 60, 10 na 15: faida ni 15, na mnadaiwa kodi huku mfuko ukiwa mtupu. Tengeni fungu la kodi kila mzigo unapolipwa, msingoje mwisho wa mwaka.

Wifi aandike safari moja moja: tarehe, mteja, kilomita za kuondoka na kurudi, lita za dizeli pamoja na risiti, posho ya njiani. Fedha anazochukua kaka kama mbia azitenge, maana hazipunguzi faida. Faini za barabarani nazo kwa kawaida hazikubaliwi kama gharama. Mteja akikata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yenu na kuipeleka serikalini kwa niaba yenu, daini cheti chake siku hiyohiyo, kwa sababu bila cheti ni vigumu kuthibitisha kwamba mmeshakatwa.

Na wifi mwenyewe ni nani humo? Akilipwa mshahara ni mwajiriwa, na kodi yake mnaikata ninyi na kuiwasilisha. Akipewa fungu la faida, hesabuni kwamba ataonekana mbia, na madeni ya lori yatamhusu. Muulizeni anataka lipi kabla ya kumwandika kwenye mkataba.