Sifuri yako ni saa ngapi?

Wadogo zangu, wengi mnaniuliza mnunue darubini gani ili muanze kuchunguza milipuko ya miale ya gama, ile mimweko mikali itokayo mbali angani. Msinunue. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, inanaswa na satelaiti, na data za Swift na Fermi, satelaiti mbili za kazi hiyo, hutolewa bure. Mimi nazipakua hapa Shangani, Mtwara, kwa bando la usiku, umeme ukiwapo. Na data za Swift hushukia kituo cha Malindi, Kenya, pwani hii hii yetu, zikavuka hadi Marekani ndipo zinirudie.

Kinachoangusha wageni ni saa. Tarehe 9 Oktoba 2022, huku watu wakiwaza korosho, ulitokea GRB 221009A, mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kupimwa. Fermi iliunasa saa 13:17 za UTC, yaani saa za kimataifa, kwetu saa kumi na dakika 17 alasiri. Swift ilishtuka saa 14:10, na mwanzoni hata wataalamu walidhani ni kitu cha humu humu kwenye galaksi yetu. Nilipokuja kuzipakua data zake za eksirei, nikaifanya saa ya Swift kuwa sifuri, nikachora grafu ya logariti pande zote mbili, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Mng'ao ukaanza bapa kama meza, halafu ukaporomoka. Nililala nikijiona mgunduzi.

Kumbe nilikuwa nimezila dakika 53, tangu Fermi iunase hadi Swift ishtuke. Mng'ao unaobaki baada ya mlipuko hufifia kwa kufuata muda: muda ukiongezeka mara kumi, nao hushuka mara kumi au zaidi. Ukikosea sifuri, mwanzo wote wa grafu unadanganya. Data za siku ya tatu hazitakushtua, maana huko dakika 53 si kitu, na ndiyo sababu kosa langu lilikaa wiki nzima.

Sasa daftari langu lina safu tatu: UTC, saa zetu, na sekunde tangu mlipuko. Ya katikati ni ya mama, anayetaka kujua nitakula saa ngapi. Isiingie kwenye programu kamwe. Saa 18:00 UTC kwetu ni saa tatu usiku, na ukiandika 3 kompyuta inapokea tu, hailalamiki.

Milipuko mifupi, ya chini ya sekunde mbili, iacheni kwanza. Mng'ao wake hafifu, utakuvunja moyo. Chukua huo huo wa 2022, uchore mara mbili, kwa saa ya Swift na kwa saa ya Fermi.