Mbona filamu ya pili hufeli kila Jumamosi?

Maswali ya wasomaji kuhusu filamu, yanajibiwa na Mwalimu, Kisumu

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Manyatta, hapa hapa Kisumu. Kila Jumamosi tunakutana watu sita nyumbani kwa kaka yangu, tunachanga pesa ya bando na kutazama filamu mbili mpya za mtandaoni mfululizo. Zikiisha, kaka hutangaza alama juu ya kumi, tunakubaliana, mimi naandika kwenye daftari. Juzi nilipitia kurasa za wiki 12 nikaona filamu ya pili imeishinda ya kwanza mara moja tu. Jumamosi iliyopita tulianza saa mbili usiku na ya wizi wa benki, dakika 130. Tukaipa 8. Tukala, kisha saa tano kasorobo tukaweka ya pili: mama mshonaji na mwanawe aliyerudi nyumbani kutoka mjini, dakika 108. Ilijikokota. Kuna mahali mama anampima kijana kifua muda mrefu bila neno, kaka akasema tusogeze mbele. Mwishoni kijana anavishwa koti pana ajabu, na filamu ikaishia hapo. Tukaipa 4. Shemeji, ambaye alikuwa ameitazama peke yake Jumatano, alikasirika akasema tumeidhulumu, yeye anaipa 9. Nani yuko sawa?
Mwandishi wa daftari, Manyatta

JIBU: Mwanangu, nimezitazama zote mbili kabla ya kukujibu. Majina yake nimeyaondoa kwenye barua yako, kwa sababu hilo unalouliza litazikuta hata filamu za Jumamosi ijayo.

Nianze na lile koti. Mama anazungusha utepe kifuani pa mwanawe, anasoma namba, kisha anafungua daftari lake la wateja. Kwenye ukurasa uliochakaa kuna namba nyingine, aliyoiandika kabla kijana hajaondoka. Ile ya zamani ni kubwa zaidi. Kamera inatulia kwenye kidole chake kikisita kati ya namba hizo mbili. Hasemi kitu, lakini sisi tunaelewa kwamba mtoto amekonda huko alikokuwa na hajamweleza mama yake kilichompata. Halafu mama anachukua mkasi na kukata kitambaa kwa kipimo cha zamani. Anamshonea mwili anaoutaka urudi. Nimelirudia onyesho hilo mara tatu, na mara zote tatu koo lilinikaba.

Lina sekunde zisizofika 40. Mkibonyeza kitufe cha kuruka sekunde 10 mara tatu, mnabaki na mama aliyemshika mtoto kifua na fundi asiyejua vipimo. Hapo hamna haki ya kuipa filamu hiyo alama yoyote, hata mngeipa 10. Shemeji yako ameitazama filamu. Ninyi mmeipita njiani.

Sasa daftari lako, ambalo nakupongeza kwa kulitunza. Filamu 11 kati ya 12 haziwezi kuwa mbaya kwa sababu tu zimekuja za pili. Zile alama mnawapa usiku, shibe na uchovu.

Kuonyesha filamu mbili kwa tikiti moja kulishamiri Marekani miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka na kumbi zinatafuta kila njia ya kuwavuta watu. Ila hazikuwa filamu za uzito mmoja. Moja ilikuwa kubwa, ya waigizaji wenye majina, na studio ilichukua asilimia ya mapato ya mlangoni. Nyingine ilikuwa ya gharama ndogo, ikikodishwa kwa bei iliyowekwa mapema, na mara nyingi iliisha kwa saa moja na dakika chache. Ninyi mnachukua mbili ndefu, dakika 238 kwa jumla, mnazipambanisha, na moja inaingia ulingoni watu wakiwa macho makavu huku nyingine ikimalizikia saa sita na nusu usiku.

Mwenye kibanda cha video cha Kondele, nilikokuwa nikienda nikiwa msichana, alilijua jambo hili bila kufundishwa. Tulilipa shilingi tano, tukabanana kwenye mabenchi, na siku zote aliweka picha ya Kihindi kwanza, na nyimbo zake na machozi yake na urefu wake wa karibu saa tatu, ndipo alete ya karate. Siku moja vijana walimshinikiza abadilishe. Karate ikachezwa, watu wakapiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Ya Kihindi ilipoingia, nusu ya benchi letu ilikuwa imeondoka kabla stelingi hajakutana na mama yake. Sikumwona akibadilisha tena.

Unachotoka kutazama kinabaki machoni. Yapata miaka 100 iliyopita mwalimu wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa njaa, kwa huzuni na kwa tamaa aliyoionyesha, ilhali picha ya uso ilikuwa ile ile. Ikiwa supu ya sekunde chache inaweza kuugeuza uso wa mtu, dakika 130 za risasi na pikipiki zinamfanya nini mama aliyeketi kimya kwenye cherehani?

Na kuna jambo la kaka yako, nalitaja kwa heshima. Ndiye mwenye nyumba, ndiye mkubwa, na ndiye anayesema alama kwanza. Nani kati yenu watano atasema 7 baada ya kaka kusema 4? Daftari lako lina maoni ya mtu mmoja na itikio la watano. Usimwondolee heshima yake. Kila mmoja aandike alama yake kwenye kipande cha karatasi na kukikunja filamu inapoisha, kabla hamjajadili neno, na mdogo kabisa asome kwanza. Ya kwanza ipewe alama kabla ya ya pili kuanza, na karatasi zisiguswe tena hata kama usiku utawabadilisha mawazo.

Nami nilijaribu hivyo. Jumamosi niliwaita watoto wawili wa dada yangu, nikazipanga kinyume: cherehani saa kumi na mbili jioni, kisha chai na kutembea nusu saa hadi barabarani na kurudi, ndipo wizi. Filamu ya mama ilipata 7 na 9 kutoka kwa watoto, na 8 kutoka kwangu. Ya wizi ilipata 7, 8, na mimi nikaipa 6. Unaona kwamba ya wizi haikuumia kwa kuwekwa nyuma. Kelele humwamsha mtu anayesinzia, ukimya hauna nguvu hiyo.

Nikueleze alama zangu, maana alama bila sababu haimsaidii mtu. Ya wizi inaanza vizuri mno: mlinzi anafunga milango ya benki, hakuna muziki, unasikia funguo tu, na kwa idadi ya funguo unajua kuna mlango mmoja aliousahau. Kama ingeendelea hivyo ningeipa 9. Lakini nusu saa ya mwisho mkuu wa wezi anaeleza mpango wake mara mbili, kana kwamba sisi tuliokaa naye saa moja na nusu hatukuwa tukisikiliza. Ya cherehani inapungukiwa kwa yule jirani anayemdai mama pesa. Anatishia mara mbili, kisha anapotea bila kulipwa wala kusamehe. Shemeji mwambie 9 yake naiheshimu, ila huyo jirani ananidai mimi alama moja.

Jumamosi ijayo irudieni. Saa kumi na mbili jioni, ikiwa ya kwanza, na rimoti akae nayo shemeji.

SWALI: Mwalimu, hapa Kakamega mvua ikianza kupiga mabati sisikii waigizaji wanasema nini. Nikipandisha sauti, bunduki inalia na mtoto anaamka. Tatizo ni runinga yangu?
Mama wa mtoto mmoja, Kakamega

JIBU: Runinga yako haina hatia kubwa, mama. Sauti ya filamu nyingi hutengenezwa kwa spika sita, na maneno ya waigizaji huwekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Runinga yako ina mbili ndogo, mara nyingi zimetazama chini au ukutani, kwa hiyo vyote vinasongamana na maneno ndiyo yanayozama. Fungua sehemu ya sauti ndani ya filamu yenyewe. Ukiona imeandikwa 5.1, yaani ile ya spika sita, na chini yake kuna stirio, ya spika mbili, chagua stirio. Kisha kwenye mipangilio ya runinga tafuta sehemu ya kukuza maneno au ya kutazama usiku. Hiyo hushusha mlipuko na kupandisha mazungumzo. Washa pia maandishi ya chini ya picha, hata kama lugha unaielewa. Mvua ya Kakamega ikikaza kweli kweli, simamisha filamu umlaze mtoto. Filamu itakungoja, na utaipa alama ya haki zaidi.

SWALI: Mwalimu, nilikuwa nachagua filamu za Netflix kwa ile asilimia iliyoandikwa kando ya jina. Ya 97 ilinichosha vibaya. Tena filamu mbili zilimaliza bando lote.
Msomaji wa Lanet, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, ile asilimia haikuwa alama ya ubora. Netflix iliondoa nyota mwaka 2017 ikaweka kidole gumba juu au chini, na asilimia ilikuwa makisio ya jinsi filamu itakavyokupendeza wewe, kwa kuangalia ulizozitazama zamani. Ungetazama ndondi mwezi mzima, ungeletewa ndondi yenye 97. Mwaka 2022 wakaongeza vidole viwili juu, kwa filamu uliyoipenda sana, na ukivitumia kwa ukweli utaletewa vya kukufaa zaidi.

Kuhusu bando, picha ya kiwango cha kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ile kali ya HD hadi GB 3. Filamu mbili za saa nne kwa jumla ni GB 4 au GB 12. Kwenye simu, shusha kiwango kwenye mipangilio. Kioo kidogo hakitakuonyesha tofauti kubwa. Kama kazini au kwa jirani kuna waifai, zipakue zote mbili mapema, uzitazame nyumbani bila kutumia bando.