Ajali kwenye barabara inayotengenezwa: pima ulikotokea kabla ya pale ulipogonga

Gari likipinduka kwenye eneo la ujenzi wa barabara, kila mtu hukimbilia pale lilipolala. Polisi wanapima pale, jamaa wanapiga picha pale, na mtu wa bima naye akifika anapiga picha pale pale. Lakini madai ya ajali za namna hii huamuliwa mita mia mbili, mia tatu au zaidi nyuma ya hapo: kibao cha kwanza cha kuonya kilikuwa wapi, koni zilianza kubana leni kutoka umbali gani, mistari ya zamani ya lami ilikuwa imefutwa au la. Na vitu hivyo havikai. Kesho yake asubuhi koni zimeshapangwa upya, greda limepita, ukingo uliokuwa umekatika umejazwa kifusi, na mkandarasi ana picha nzuri za eneo lililo salama.

Kisheria, mdai hutakiwa kuthibitisha mambo manne: mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili yake, hakuutimiza, kutoutimiza huko ndiko kulikoleta ajali, na yeye amepata hasara. La kwanza mara nyingi halina ubishi mkubwa, kwani anayechimba barabara ambayo watu wanaendelea kuitumia ana wajibu kwao. La nne lina risiti na ripoti za daktari. Mapambano yote yako kwa yale mawili ya katikati, na hayo huthibitishwa kwa futikamba na picha, si kwa kueleza jinsi ulivyoumia.

Wanaoweza kuwajibika ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mkandarasi mkuu. Kuna mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya alama na koni tu. Kuna mhandisi mshauri aliyepitisha mpango wa kuongoza magari, na mamlaka inayomiliki barabara. Kuna mwajiri wa dereva wa greda au wa mshika bendera, ambaye kwa kawaida hubeba makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Na yupo dereva mwingine, aliyekugonga kwa nyuma foleni iliposimama ghafla. Hawa watatupiana mpira, na kila mmoja atakutolea mkataba unaosema jukumu ni la mwenzake.

Huo mkataba usikutishe. Ni makubaliano kati yao kuhusu nani atamlipa nani baadaye. Wewe hukuusaini na hauondoi haki yako. Tena mara nyingi ndio ushahidi wako bora. Miradi mingi ya barabara duniani hutumia mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, yaani mkataba wake wa kazi za ujenzi, kifungu cha 4.8 kinamtaka mkandarasi aweke uzio, taa na ulinzi hadi kazi ikabidhiwe, pamoja na miundo ya muda inayohitajika kwa ajili ya usalama wa umma. Kifungu cha 18.3 kinahusu bima ya majeraha na uharibifu kwa watu wengine. Kwa hiyo ukiuliza, uliza mawili: ni mkataba wa aina gani, na nani ana bima inayogusa watu wa nje ya mradi. Wapelekee wote taarifa ya madai kwa maandishi. Ukimchagua mmoja tu ukamwacha aliyekosea kweli, muda unaweza kuisha huku unabishana na mtu asiyehusika.

Muda wenyewe ni mtego. Madai dhidi ya serikali au mamlaka ya umma mara nyingi yana muda mfupi kuliko madai ya kawaida, na huanza na taarifa rasmi kabla kesi haijafunguliwa. Tofauti ni kubwa: California, dai la majeraha dhidi ya taasisi ya umma hupelekwa kwanza kwa taasisi hiyo ndani ya miezi 6, Uingereza, ukomo wa kawaida wa kesi ya majeraha ni miaka 3. Muulize wakili muda wa kwako wiki ile ile ya ajali, hata kama bado uko hospitali na aliyekwenda ofisini kwake ni ndugu yako.

Sasa eneo lenyewe. Eneo la kazi lililopangwa vizuri lina sehemu nne zinazofuatana: sehemu ya kuonya, sehemu ya kuhamisha magari kutoka leni moja kwenda nyingine, sehemu ya kazi yenyewe pamoja na nafasi tupu ya usalama kabla ya wafanyakazi, na sehemu ya kurudisha magari kwenye njia yao. Makosa mengi hutokea katika ile ya pili, pale mstari wa koni unapolibana gari pole pole.

Urefu wa mbano huo si wa kukisia. Mwongozo wa Marekani wa vifaa vya kuongoza magari, MUTCD, una hesabu inayojulikana sana: kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa na kuendelea, zidisha upana wa leni inayofungwa, kwa mita, na kasi, kisha gawanya kwa 1.6. Leni ya mita 3.5 kwenye barabara ya kilomita 80 kwa saa inataka mbano wa mita 175. Kwa kilomita 60 kwa saa na kushuka, zidisha upana na kasi mara kasi, gawanya kwa 155. Leni ile ile hapo inataka kama mita 81. Kasi inayoingia kwenye hesabu ni ile iliyokuwepo kabla ya kazi kuanza, au ile ambayo magari yanategemewa kuja nayo. Mkandarasi aliyetundika kibao cha 30 mita chache kabla ya koni hawezi kukitumia kibao hicho kuhalalisha mbano wa mita 20. Nchi yako inaweza kuwa na mwongozo wake. Utafute huo kwanza, maana ndio mahakama itakaouangalia.

Angalizo moja hapa, kwa sababu wadai wengi huumbuliwa nalo. Barabara ya leni mbili ambapo magari ya pande zote yanapishana kwa zamu kwenye leni moja, chini ya mshika bendera, hutumia mbano mfupi, usiozidi mita 30 hivi, na ni kwa makusudi: pale gari linatakiwa kusimama, si kuhama likiwa kwenye mwendo. Hapo swali lako libadilike. Je, mshika bendera alionekana kutoka mbali? Wa upande huu na wa upande ule waliwasiliana kwa redio, au walitegemea kupungiana mikono kwenye kona wasiyoonana?

Umbali wa kuonya nao unapimika. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukimpa dereva sekunde 2.5 za kuona na kuamua, ameshakwenda mita 55 kabla breki haijashika. Kwenye lami kavu ataongeza mita 35 hivi hadi kusimama. Kwenye kokoto zilizomwagwa juu ya lami, ambako msuguano hushuka hadi karibu nusu, ataongeza kama 70. Jumla ni mita 125. Kibao kilichoegeshwa mita 50 kabla ya shimo hakijamwonya mtu huyo hata kama kimeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

Kosa linaloua kimya kimya kuliko mengine ni ukingo wima. Lami mpya imewekwa kwenye leni, bega la barabara bado liko chini sentimita 10, hakuna mteremko uliomwagwa kuunganisha. Tairi la pembeni likishuka, dereva anapindisha usukani kidogo ili arudi. Tairi halipandi, ubavu wake unasugua ule ukuta wa lami. Anapindisha zaidi. Ghafla linapanda, na kwa kuwa usukani umeshapinda sana, gari linaruka moja kwa moja hadi leni ya magari yanayokuja. Polisi wataandika kwamba dereva alihama upande wake. Ndiyo, alihama, lakini sababu iko kwenye ukingo, na ushahidi uko kwenye tairi: mikwaruzo mirefu ya kuzunguka ubavuni, upande unaotazama chini ya gari. Usilitupe tairi hilo wala usikubali gari lipelekwe kwa fundi au kwa wauza vyuma chakavu kabla halijapigwa picha na kukaguliwa. Ukingo wenyewe upige picha ukiwa na futikamba iliyosimamishwa. Dawa yake inajulikana na si ghali: kingo za lami humaliziwa kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, tairi likapanda bila kung'ang'ania.

Kasoro nyingine za kutafuta: vibao vya kuakisi vilivyojaa vumbi hadi taa za gari haziamshi kitu, mistari ya zamani iliyopakwa rangi nyeusi badala ya kufutwa, ambayo usiku wa mvua hung'aa na kumvuta dereva kwenye njia iliyofungwa, vizuizi vya plastiki vilivyowekwa bila maji ndani na bila kuunganishwa, ambavyo vikigongwa huruka tu.

Na wewe je? Wataliuliza hilo mapema. Kasi yako, simu, matairi yaliyoisha. Katika sehemu nyingi kosa lako hupunguza fidia kwa kiwango chake: ukionekana umechangia asilimia 30, unapata 70. Baadhi ya sehemu hukunyima kabisa ukifika nusu au ukizidi, na majimbo machache ya Marekani, kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, bado yanakunyima kwa kosa dogo tu. Hivyo eneo la tukio usiseme "nilikuwa na haraka" wala "sikuangalia". Toa maelezo ya kweli ya ulichokiona na usichokiona, basi. Kushtakiwa kwa makosa ya barabarani pia si mwisho wa madai yako. Kesi ya fidia ina kipimo chake cha ushahidi na inaweza kugawa lawama kati ya wengi.

Ndani ya saa 24, mtu mmoja mwenye akili tulivu arudi. Aanze kilomita moja nyuma na kurekodi video akija taratibu, simu ikiwa usawa wa macho ya dereva, yaani kama mita 1.1 kutoka barabarani. Afanye hivyo saa ile ile ya ajali. Picha za mchana hazisaidii ajali ya saa mbili usiku. Apime umbali kati ya vibao, ahesabu koni, aandike na zile zilizolala chini. Achukue namba za simu za wenye maduka, bodaboda na madereva wanaopita hapo kila siku, kwa sababu hao ndio wanaojua taa ilizimika tangu lini.

Wakati huo huo barua iende kwa mkandarasi na mamlaka kuwataka wasiharibu ushahidi: mpango wa kuongoza magari ulioidhinishwa, daftari la ukaguzi wa alama wa kila siku, kumbukumbu za zamu, picha za mradi, video za kamera. Kamera nyingi hurekodi juu ya zilichorekodi baada ya siku chache. Gari lako nalo likiwa la miaka ya karibuni linaweza kuwa na kifaa kilichohifadhi kasi na breki kwa sekunde 5 hivi kabla ya kugonga. Hizo zinaweza kukuokoa au kukubana, kwa hiyo wakili wako azijue kabla ya upande wa pili.

Kisha kuna karatasi ya bima. Mara nyingi huja mapema, na hundi ndogo, wakati bado unadaiwa na hospitali. Soma mstari unaosema malipo haya ni kamili na ya mwisho, na uangalie anayesamehewa ni nani: mtoa hundi peke yake, au "wote wanaohusika na ajali hii". Ukisaini maneno hayo ya pili ili upate pesa za kutengeneza bampa, unaweza kuwa umemwachia pia mkandarasi ambaye hujawahi hata kumwandikia barua.